Megapikseli 200 na Picha Isiyopendeza: Namba ya Kamera Inapima Nini Hasa

Anayeingia katika duka la simu kwenye barabara ya Kenyatta jijini Nakuru, au katika mtaa wa Oginga Odinga kule Kisumu, hukaribishwa na namba. Kabla hajaambiwa betri inakaa muda gani au bei inaweza kushuka mpaka wapi, huwa ameshaonyeshwa kibandiko kilichoandikwa 50, 108 au 200, na namba hiyo hutamkwa kana kwamba imemaliza habari zote za kamera. Wakati huohuo, mpiga picha ambaye mteja huyohuyo atamwita kwenye harusi yake mwezi wa Desemba anabeba kamera yenye megapikseli 24, iliyonunuliwa kwa bei inayoizidi simu ile, na hakuna bibi harusi anayelalamika kwamba picha zake hazina megapikseli za kutosha. Mambo haya mawili huonekana kugongana mpaka mtu ajue namba ile inapima kitu gani, na vitu gani haiwezi kuvipima kamwe.

Nyuma ya lenzi ya kila kamera ya kidijitali kuna kihisi, yaani kipande cha silikoni kilichogawanywa katika vijumba vidogo mno, kila kimoja kikikusanya mwanga unaokiangukia na kuugeuza kuwa chaji ya umeme inayoweza kuhesabiwa. Kila kijumba hutoa nukta moja ya picha, ambayo ndiyo pikseli, na pikseli milioni moja ndizo megapikseli moja. Kamera yenye nukta 6,000 kwa upana na 4,000 kwa urefu ina megapikseli 24. Hapo ndipo habari ya namba inapokoma: haisemi kihisi chenyewe kina ukubwa gani, lenzi iliyo mbele yake ni ya namna gani, wala mwanga uliokifikia ulikuwa mwingi au haba. Haisemi hata rangi zilipatikanaje, kwa sababu vijumba hivyo havitambui rangi. Juu ya kila kimoja huwekwa kichujio kinachopitisha rangi moja tu, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka wa 1976: nusu ya vijumba hupokea kijani, robo nyekundu na robo bluu. Rangi mbili zinazokosekana katika kila nukta hukisiwa na kamera kutoka kwa nukta jirani. Kwa hiyo theluthi mbili ya taarifa za rangi katika picha yoyote ya kawaida ni makisio, ingawa ni makisio mazuri kiasi kwamba hakuna anayeyagombania.

Imani kwamba namba kubwa ni picha nzuri haikuzuka hewani. Kamera ya kwanza ya kidijitali ya kubebeka, ile aliyoiunda Steven Sasson akiwa Kodak mwaka wa 1975, ilikuwa na nukta 10,000 tu, yaani sehemu moja kwa mia ya megapikseli. Kamera za kwanza zilizouzwa kwa watu wa kawaida hazikufika hata megapikseli moja, kisha zikaja za moja au mbili, kisha tatu, kisha tano, na kila hatua ilionekana wazi kwa macho, kwa sababu karatasi ya A4 inayochapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi inahitaji takriban nukta 2,480 kwa 3,508, sawa na megapikseli 8.7. Kabla ya kufika hapo, kila megapikseli iliyoongezwa ilikuwa na kazi yake. Baada ya kupita hapo, wauzaji waliendelea kuhesabu kwa mazoea, nasi wanunuzi tukaendelea kuwasikiliza.

Hesabu yenyewe ina mtego ambao wengi hawauoni. Megapikseli huhesabu eneo, yaani upana mara urefu, ilhali jicho hutambua ukali wa picha kwa mstari, kwa kuangalia ni nywele ngapi au herufi ngapi zinazoweza kutenganishwa katika urefu fulani. Simu yenye megapikseli 12 hutoa picha ya nukta 4,000 kwa 3,000. Ile yenye 108 hutoa nukta 12,000 kwa 9,000. Namba imekua mara tisa, lakini kila upande umekua mara tatu tu. Anayebadilisha kamera ya megapikseli 24 kwa ya 48 akidhani ataona maradufu ya alichokiona jana, anapata ongezeko la takriban asilimia 41 kwa kila upande, tena iwapo kila kitu kingine kimekwenda sawa. Mara nyingi hakiendi.

Kitu cha kwanza kisichokwenda sawa ni mwanga. Mwanga huja kwa vifungu vidogo viitwavyo fotoni, na huja bila utaratibu kamili, hivyo basi kijumba kilichotarajiwa kupata fotoni 100 kitapata pengine 92, na jirani yake 109, hata kama vyote viwili vinatazama ukuta uleule mweupe. Mtikisiko huo ni sawa na kipeuo cha pili cha idadi yenyewe, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa idadi hiyo: kwa fotoni 100 ni kama 10, ambayo ni asilimia 10, kwa fotoni 10,000 ni kama 100, ambayo ni asilimia moja tu. Zile chembechembe zinazojaa katika picha ya usiku, zinazofanya uso wa mtu uonekane kama umemwagiwa mchanga, kwa sehemu kubwa hazitokani na ubovu wa kamera; ni tabia ya mwanga wenyewe unapokuwa haba. Dawa yake ni kukusanya mwanga mwingi zaidi, na njia ya moja kwa moja ya kufanya hivyo ni kuwa na kihisi kipana.

Hapa tofauti kati ya simu na kamera kubwa ni pana kuliko bei zao zinavyodokeza. Kihisi cha kamera inayoitwa ya fremu kamili kina milimita 36 kwa 24, yaani milimita za mraba 864. Kihisi cha simu yenye megapikseli 200, ambacho vijumba vyake vina upana wa mikroni 0.6 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kina takriban milimita 9.8 kwa 7.3, yaani milimita za mraba kama 72. Tundu la lenzi likiwa na kipimo kilekile na shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, ikifunguka kwa muda uleule, kihisi kikubwa hupokea mwanga mara 12 ya kile kidogo. Hakuna idadi ya pikseli inayoweza kufidia pengo hilo, kwa maana mwanga ambao haukuingia hauwezi kugawanywa.

Kutokana na hilo limezuka dai jingine ambalo hurudiwa sana na wapiga picha: kwamba pikseli kubwa siku zote ni bora kuliko pikseli ndogo, na kwa hiyo kamera yenye pikseli chache itashinda usiku. Dai hili lina ukweli nusu, nalo ndilo linalohitaji kufafanuliwa kwa utulivu kuliko mengine yote. Tuchukue shamba la ekari moja kule Vihiga, ambalo baba aliliacha zima na wana wakaligawanya vipande vinne, kisha wajukuu wakaligawa kumi na sita. Kila kipande kinapokea mvua kidogo kuliko shamba zima lilivyopokea, lakini mvua iliyonyesha juu ya ekari ile haikupungua hata tone. Vivyo hivyo, vihisi viwili vya ukubwa sawa, kimoja kikiwa na megapikseli 12 na kingine 61, hupokea mwanga uleule kwa jumla. Ukizitazama picha zake kwa kuikuza kila moja mpaka pikseli moja ya picha ilingane na nukta moja ya kioo, ile ya 61 itaonekana na chembechembe zaidi, kwa sababu unaitazama kwa ukaribu zaidi; lakini ukizichapisha zote mbili kwenye karatasi ya ukubwa mmoja, tofauti hiyo hupungua mno. Kinachobaki ni mipaka. Kila kipande cha shamba kinapozungushiwa ua, ardhi kidogo huliwa na ua huo, na katika vihisi vya zamani nyaya zilizopita juu ya vijumba zilikula mwanga kwa namna hiyohiyo, mpaka watengenezaji walipozihamishia upande wa nyuma. Isitoshe, kila kijumba kinaposomwa huongeza kosa lake dogo la umeme, na makosa hayo huonekana zaidi katika giza kuu. Ndiyo maana Sony, katika familia moja ya kamera za fremu kamili, ilitoa A7R IV ya megapikseli 61 mwaka wa 2019 na A7S III ya megapikseli 12.1 mwaka wa 2020, ya pili ikiwa imelengwa kwa wapigaji video na wanaofanya kazi gizani. Namba ndogo haikuwa dalili ya kamera duni, ilikuwa uamuzi.

Watengenezaji wa simu wanayajua haya yote, na hawafanyi wanavyoandika kwenye kibandiko. Nokia 808 PureView ya mwaka wa 2012 ilikuwa na kihisi cha megapikseli 41, lakini kwa kawaida ilitoa picha ya megapikseli 5, kwa kuunganisha pikseli kadhaa kuwa moja. Simu za leo zenye 108 au 200 hufanya vivyo hivyo: pikseli 9 au 16 zilizokaribiana huwekewa kichujio cha rangi moja na kuhesabiwa pamoja, na picha inayohifadhiwa huwa ya megapikseli 12 au zaidi kidogo. Mwenye simu ya megapikseli 200 ambaye hajawahi kufungua mipangilio ya kamera yake, basi, amekuwa akipiga picha za megapikseli 12.5 tangu siku aliyoinunua, na ni heri iwe hivyo, kwani ile hali ya 200 hulazimika kukisia rangi kwa ugumu zaidi na huhitaji mwanga wa jua ili ilete faida yoyote.

Hata penye jua, lenzi ina neno lake. Mwanga unapopita katika tundu hujitandaza, na nukta kali kabisa haiwezi kutua kwenye kihisi kama nukta. Hutua kama kiduara ambacho upana wake hutegemea tundu la lenzi. Lenzi ya simu yenye tundu la f/1.7 (namba ya f inavyokuwa kubwa, tundu huwa dogo) hutoa kiduara cha takriban mikroni 2.3 kwa mwanga wa kijani. Pikseli za mikroni 0.6 zinaweza kupangwa karibu nne katika upana wa kiduara hicho kimoja, kwa hiyo nne hizo kwa kiasi kikubwa zinasimulia habari moja. Kamera kubwa nazo hazijaepuka: mpiga picha wa mandhari anayefunga tundu hadi f/16 ili milima na majani yote yawe makali hupata kiduara cha mikroni 21 hivi, wakati pikseli za Nikon D850 yenye megapikseli 45.7 zina upana wa mikroni 4.35. Kwa tundu hilo amelipia pikseli ambazo fizikia imezizuia kufanya kazi. Ndiyo sababu mafundi waliokomaa humshauri anayeanza anunue lenzi nzuri kabla ya kubadilisha kamera, na mimi naungana nao bila kusita.

Pamoja na hayo, kuna mahali ambapo pikseli nyingi zina thamani isiyopingika, na mahali hapo tunapo hapahapa. Chukua heroe mdogo aliyesimama ndani ya maji ya Ziwa Nakuru au Ziwa Bogoria, mwenye kimo cha kama sentimita 90, akiwa mita 100 kutoka ukingoni. Lenzi ya milimita 400 kwenye kamera ya fremu kamili humchora ndege huyo juu ya kihisi kwa urefu wa milimita 3.6. Kwa kamera ya megapikseli 24 hizo ni pikseli kama 600 kutoka miguuni hadi kichwani, kwa 45.7 ni kama 830. Kwa 61 ni karibu 960. Anayekusudia kukata kingo zote na kubaki na ndege peke yake ataiona tofauti hiyo kwenye mdomo na kwenye manyoya ya bawa. Sasa mpige ndege huyohuyo, kutoka palepale, kwa lenzi ya kawaida ya simu yenye megapikseli 200, ambayo urefu wake halisi ni kama milimita 6: atakuwa na pikseli 90 hivi katika hali ya 200, na kama 22 katika hali ya kawaida. Namba iliyo kubwa kuliko zote ndiyo iliyotoa heroe mdogo kuliko wote, kwa sababu kilichoamua ukubwa wa ndege kilikuwa lenzi. Na ikiwa ni saa saba mchana, hewa ya moto inayocheza juu ya magadi ya ukingo wa ziwa itayumbisha mistari yote kabla haijaifikia lenzi yoyote, ya bei yoyote. Wanaozijua tabia za ziwa hufika alfajiri.

Katika msitu wa Kakamega mambo yanageuka. Chini ya miti ile, hata adhuhuri, mwanga ni mchache, na ili kumgandisha mbega anayeruka kutoka tawi hadi tawi shata inatakiwa ifunguke kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde au pungufu. Lenzi ndefu ya bei nafuu ina tundu dogo, kwa hiyo ISO, yaani kiwango ambacho kamera hukuza mwanga mchache iliyoupata, hupandishwa mpaka 6,400 au zaidi, na hapo chembechembe humeza undani ule ambao megapikseli 45 zilikuwa tayari kuuonyesha. Mkono nao hutikisika. Kamera ya pikseli nyingi huanika mtikisiko ambao ile ya pikseli chache ingeuficha, na ufukweni Dunga, kando ya Ziwa Victoria kule Kisumu, ambapo jua la ikweta huzama upesi na kuacha dakika chache tu za rangi nzuri, picha ya mtumbwi iliyopigwa kwa mkono kwa shata ya polepole haitakuwa kali zaidi kwa sababu tu imehifadhiwa katika nukta nyingi. Itakuwa ukungu uleule, katika faili kubwa zaidi.

Harusi huleta mtihani wa aina nyingine kabisa. Saa sita mchana uwanjani, bibi harusi amevaa gauni jeupe pe, bwana harusi suti nyeusi, na nyuso zao nyeusi ziko nusu kivulini mwa hema. Kamera inayoshindwa kushika mwangaza wa gauni na giza la suti kwa wakati mmoja italiunguza gauni likawa karatasi tupu isiyo na darizi, au itaizamisha suti ikawa shimo. Uwezo wa kushika ncha zote mbili hutegemea kiasi cha chaji ambacho vijumba vinaweza kubeba kabla ya kufurika na kelele ya umeme (yale makosa madogo ya kusoma vijumba) iliyo chini yake. Kwa wapiga picha wa kwetu, ambao wateja wao wengi wana ngozi nyeusi na husherehekea chini ya jua la utosini, ningelitazama jambo hili kabla ya megapikseli bila kufikiri mara mbili. Halimo kwenye kibandiko chochote.

Mwishowe picha huenda wapi? Ya pasipoti, yenye milimita 35 kwa 45, huchapishwa vizuri kwa nukta 413 kwa 531, ambazo hazifiki hata robo ya megapikseli. Ile ya inchi nne kwa sita, inayosafishwa kwa wingi baada ya kila ruracio (sherehe ya mahari) na kila mahafali, hutosheka na megapikseli 2.2. Kioo cha televisheni ya 4K kina megapikseli 8.3. Watu wengi hudhani bango kubwa la barabarani ndilo linalohitaji kamera ya ajabu, na hapo ndipo hesabu inapowashangaza. Jicho zima hutenganisha vitu vilivyoachana kwa pembe ya kama sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa karatasi iliyoshikwa sentimita 30 kutoka usoni hiyo ni takriban nukta 290 kwa inchi, karibu sawa na ile kanuni ya nukta 300. Lakini kwa mtu anayelitazama bango akiwa mita 20, pembe hiyo ni karibu milimita 6. Bango la upana wa mita 12, basi, hujaza jicho lake kwa nukta kama 2,000 kutoka mwanzo hadi mwisho. Sura ya mgombea inayotutazama juu ya barabara kuu wakati wa kampeni ingeweza kupigwa kwa simu ya kawaida, mradi taa zilipangwa vizuri. Na picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa njiani, kwa hiyo anayetaka pikseli zake zifike zote humlazimu aitume kama faili la nyaraka.

Pikseli zilizozidi zina gharama isiyotajwa dukani. Picha ghafi isiyobanwa ya megapikseli 61 inaweza kufika megabaiti 120. Harusi ya picha 2,000 za namna hiyo ni gigabaiti 240 kabla ya nakala ya akiba, na kompyuta iliyokuwa ikifungua picha za megapikseli 24 kwa wepesi itaanza kukokota.

Anayenunua simu kwa ajili ya kamera yake anaweza kujipima palepale dukani. Aombe kupiga ndani ya duka, mbali na mlango, si nje kwenye jua ambako kila kamera huonekana nzuri. Ampige muuzaji mwenyewe mara mbili, mara moja katika hali ya kawaida na mara moja katika hali ya megapikseli zote, kisha azitazame picha hizo kwa ukubwa uleule, akiangalia nywele za ukingoni mwa paji la uso, maandishi madogo kwenye maboksi ya nyuma, na kivuli kilicho chini ya kidevu. Afanye hivyohivyo kwa simu ya bei ya chini iliyo kando yake. Ikiwa maboksi yanasomeka sawasawa katika picha zote, achague kwa betri na bei.